Kanda Isiyo na Picha, kutoka Nansio hadi Uwanja wa Mjomba Luhende

Kwako Mama Kulwa, kwako Evarist, na kwenu wote mnaokaa barazani kwangu mkijifanya mnasubiri nguo.

Mmeniuliza kilichotokea Magu, na kila nikianza kusimulia mmoja ananikatiza, mwingine anacheka kabla ya mahali pa kucheka, na cherehani inanisubiri. Kwa hiyo nimeandika. Someni wenyewe kwa kupokezana. Niliishia darasa la saba, na mwalimu wangu alikuwa akisema insha zangu zinatembea kama ng'ombe anayerudi jioni, zinasimama kula kila penye jani. Pengine alisema kweli. Mtanivumilia.

Kabla ya kuondoka

Kwa atakayesoma bila kunijua: mimi ni Kabula, fundi cherehani wa hapa Nansio. Meza yangu imeegemea ukuta wa mabati wa banda la video la Evarist. Tangu alipolifungua, ruhusa za biashara zilipolegea na kila mwenye deki akawa na banda, nimezisikia filamu zake zote na sijaona hata moja. Sikatazwi kuingia. Ni kwamba zinaonyeshwa saa za kazi, na saa za kazi mimi niko kazini.

Za ngumi hazinishughulishi. Zile za kulia zinanichosha. Lakini ilikuja moja ambayo Evarist aliirudia wiki nzima ingawa wateja waliinung'unikia, na hiyo ilikuwa na muziki ambao sijui niuiteje. Hauna mwimbaji. Hauna gitaa. Hauna mahali pa kupiga makofi. Unaanza na mngurumo wa chini, kama mtu anaburuta pipa tupu kwenye sakafu ya ghala. Halafu chuma kinakwaruza chuma. Halafu kimya. Halafu kitu kinavuta pumzi, sijui mtu sijui mnyama. Mara ya kwanza mguu wangu ulisimama kwenye pedali. Mara ya pili nilianza kuusubiri. Siku ya mwisho nikaegemeza redio kaseti yangu kwenye bati, nikabonyeza kurekodi.

Evarist alitaka kunieleza pale kwenye pipa picha inaonyesha nini. Nikaziba masikio. Nilikuwa na picha zangu tayari: ng'ombe wanaoingia ziwani mmoja mmoja bila mchungaji, na kinu cha pamba ambacho upepo umekikuta wazi. Nilihofia ya kwake itakuwa ndogo kuliko zangu.

Kasoro ya kanda ni moja na mnaijua. Pale kwenye kimya, kabla ya ile pumzi, kuna sauti ya Mama Kulwa anayepita na beseni lake: "Sato wa motooo!" Sikuweza kuifuta. Kwa haki, yeye alikuwa anauza samaki mahali pake pa kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nafanya jambo la ajabu.

Sasa safari. Mjomba wangu Luhende, kaka wa mama, ni manju wa ngoma huko ndani ya Magu, upande wa Bagika, mojawapo ya vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma. Hasimu wake ni Mzee Shigela wa Bagalu, chama cha pili. Baada ya mavuno wanakutana uwanja mmoja, kila kikundi mwisho wake, wanapiga kwa wakati mmoja, na watu wako huru kwenda wanakotaka. Jua likishuka wazee wanatazama. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Hakuna hoja nyingine.

Mjomba alikuwa ameshindwa mavuno mawili mfululizo. Akanitumia ujumbe kwa mdomo wa mvuvi: nimshonee nguo mpya nyekundu za wachezaji wote, nizilete mwenyewe, kwa sababu vijana wamemwambia wazi kwamba wakishindwa tena wanahamia kwa Shigela. Mjomba bila wale vijana ni mzee mwenye ngoma nyumbani. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nikashona.

Nikafunga bunda. Kanda nikaiweka kikapuni kwa ajili ya njiani, si kwa sababu nyingine. Naomba mnikubalie hilo, maana huko Magu wapo wasiokubali.

Nansio hadi Mwanza

Meli ilichelewa kwa ajili ya machungwa. Yalikuja machungwa, yakaja mengine, halafu akaja mwenye machungwa akagundua magunia si yake. Nilikaa juu ya bunda langu sakafuni karibu na bwana mmoja mwenye koti zito na kuku wawili. Tulipofika katikati ya maji nikawasha redio, sauti chini kabisa, ndani ya kikapu, chini ya kanga.

Mngurumo ulianza. Bwana wa koti akainua kichwa.

"Dada, unasikia hiyo?"

Nilifurahi. Sikuwahi kupata mtu wa kusikiliza naye. "Nasikia, kaka."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeizoea miezi mingi. Subiri, bado inakuja sehemu ya chuma."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Chuma kikakwaruza chuma. Akasimama, akaniachia kuku wake, akaenda mbio. Nilifikiri ameenda kujisaidia. Alirudi na fundi wa injini, mtu mfupi mwenye kitambaa cha mafuta begani, ambaye hakuuliza lolote. Alilala kifudifudi, akaweka sikio kwenye bati la sakafu, akasema, "Ni hapa. Hapa hapa." Watu wakaanza kuokota watoto wao. Mama mmoja akaanza kusali Salamu Maria, na wengine wakaitikia.

Ndipo nilipoelewa. Mkono ulikuwa njiani kuzima pale kimya kilipofika, na kutoka chini ya kanga yangu, mbele ya fundi aliyelala kifudifudi, ikatoka sauti ya Mama Kulwa: "Sato wa motooo!"

Fundi alifungua macho. "Nani anauza?" akauliza.

Nilifunua kikapu na kueleza yote. Walikasirika kidogo, walicheka sana, na yule bwana wa koti alikataa kuzungumza nami hadi bandarini. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemwambia asubiri sehemu ya chuma.

Mwanza

Nililala Kirumba kwa binti wa shangazi, ambaye alinilisha ndizi na nyama hadi nikashindwa kuinama. Asubuhi nilikuwa na muda kabla ya basi, nikaenda mjini kutafuta kanda nyingine ya aina ile. Siku hizi Mwanza kuna kila kitu. Viatu vya mtumba vimetandazwa hadi barabarani, na duka la kanda lina ukuta mzima wa rangi. Kijana wa duka alinichangamkia.

"Karibu dada. Tukupe nini? Kwaya? Dansi?"

"Nataka muziki wa filamu, ila filamu yenyewe sitaki."

"Wa Kihindi!"

"Hapana. Hauna kuimba."

"Ala tupu za bendi."

"Hauna bendi."

"Sasa una nini, dada?"

Nilifikiri vizuri kabla ya kujibu, kwa kuwa sipendi kumpotezea mtu muda. "Una wasiwasi," nikasema.

Alinitazama kama mteja aliyerudisha kiatu kimoja. Nikaona nimwekee kanda asikie. Hakungoja hata pipa liishe, akabonyeza kuzima. "Pole dada. Mashine imeila." Akaichomoa, akaingiza kalamu kwenye tundu, akaizungusha kwa ustadi hadi mwisho na kuirudisha, akafuta kichwa cha redio kwa pamba na marashi. Akawasha. Mngurumo ule ule. "Basi ugonjwa uko kwenye redio," akasema, akaihamishia kwenye redio yake kubwa ya dukani. Hapo ndipo pipa liliburutwa sawasawa. Vioo vya kabati vikatikisika. Alikimbilia kuzima, lakini kulikuwa na mama mmoja mtu mzima pale kaunta, amekuja kununua kanda ya kwaya, akamshika mkono.

"Iache kidogo, mwanangu."

Alisikiliza amesimama, mkoba umeninginia kwenye kiwiko. Chuma kilipita. Kimya kilipita. Hata aliposikia sato wa moto hakucheka, alitikisa kichwa tu kama anayekubali. Pumzi ilipokwisha akasema, "Nyumba yangu ndivyo ilivyo tangu watoto walipoondoka wote." Akachukua kwaya yake, akatuaga vizuri, akaenda.

Yule kijana alinirudishia kanda yangu kwa mikono miwili. Hakuwa na nyingine ya namna hiyo, alisema, na alikuwa akitazama mlangoni.

Mwanza hadi Magu

Sehemu hii ya safari haina muziki, maana majaribio yale yote ya dukani yalimaliza mawe ya redio, yaani betri. Na basi lenyewe lilikuwa na muziki wake, mtoto mchanga mmoja aliyelia kutoka stendi hadi Kisesa bila kurudia sauti.

Pale Nyanguge tairi lilitoboka. Utingo alishusha la akiba, nalo lilikuwa limetoboka kabla ya lile. Tukakaa kando ya barabara. Nikayatoa mawe ya redio, nikayapanga juu ya jiwe kubwa lenye jua ili yapate nguvu kidogo, kisha nikanunua michembe kwa mama mmoja, viazi vilivyokaushwa vizuri hadi vikawa vigumu kama vifungo vya koti. Nilikuwa natafuna nikitazama mashamba ya mpunga, akaja mzee na baiskeli, akainama kuyatazama mawe yangu, akaniita mama kwa Kisukuma.

"Haya unauzaje, mayu?"

"Siuzi, baba. Shikamoo. Nayaanika."

"Marahaba. Yakikauka ndiyo utauza?"

"Hapana, yamekwisha. Nayaanika yafufuke."

Alifikiri. "Kwa hiyo nikija kesho?"

Sikufanikiwa kumwelewesha, na sina hakika kama ni yeye aliyekuwa mzito au maelezo yangu. Aliondoka akiamini nimemnyima kwa sababu ya sura yake. Kama kuna mtu anamfahamu mzee wa Nyanguge mwenye baiskeli ya kijani, amwombee radhi kwa niaba yangu.

Magu hadi kwa mjomba

Gari la kuelekea kwa mjomba lilikuwa limeshaondoka. Nilikaa juu ya bunda langu hadi akaja dereva mmoja na pikapu ya mnunuzi wa pamba. Nyinyi mnajua sasa pamba inanunuliwa na yeyote mwenye mizani, si ushirika peke yake, na kila mnunuzi anataka asikike. Huyu alikuwa na honi kubwa ya kutangazia juu ya paa la gari, na nyuma ana mizani, magunia, na kitambaa kirefu cheupe cha marekani. Jina lake Sadiki, mtu wa Shinyanga, mwembamba, mcheshi, anayeapa kwa kila kitu.

"Unaenda kwa manju Luhende? Panda. Na mimi naenda uwanjani kesho. Penye watu ndipo penye pamba."

Mawe yalikuwa yamefufuka nusu. Nikawasha redio miguuni pangu. Kwa haki nilikusudia kumwambia, lakini alikuwa anasimulia jinsi alivyompata mke wake na hakuacha upenyo. Mara akanyamaza. Akasimamisha gari, akazama chini yake. Mimi nikazima ili asikie vizuri anachotafuta. Akatoka, akatikisa gurudumu, akarudi. Tukaondoka. Nikawasha. Akasimama tena.

"Wallahi ni bearing ya gurudumu," akasema kutoka chini ya gari. "Ikikamatwa haisemi, ikiachwa inalia."

Mara ya tatu alirudi ghafla nikiwa bado sijazima. Alisimama mlangoni na vumbi usoni hadi kwenye nyusi, akatazama redio, akanitazama mimi.

"Yaani nimelala kwenye upupu kwa ajili ya redio?"

"Nilitaka kukuambia, ulikuwa kwenye posa."

Alicheka hadi akashika mlango. Halafu, na hili ndilo lililonifanya nimpende, akapanda, akawasha gari, akasema, "Rudisha mwanzo." Tukaenda hivyo hadi giza linaingia, tukisikiliza. Alitaka kujua filamu inahusu nini. Nikamwambia sijui. Akasema yeye anaona barabara ya peke yake na taa za gari zinazomfuata bila kumpita. Nikamwambia mimi naona ng'ombe. Tulibishana vizuri.

Mjomba alipokea nguo, akazipima begani moja moja, akaridhika. Baada ya ugali na maziwa ya mgando akaniuliza ni nini hicho Sadiki anachokicheka. Nikamwekea. Alikaa na mkono kidevuni. Pembeni yake alikaa Doto, mpigaji wake wa ngoma kubwa tangu ujana wao, mtu asiyesema. Vidole vyake vilikuwa vinagonga goti polepole.

Mngurumo ulipokwisha mjomba akasema, "Huo ni uwanja wangu huo. Watu wameondoka, mimi bado naimba."

Nikazima kabla ya samaki.

Uwanjani

Nitasema kwa haki: kikundi cha Shigela kilicheza vizuri sana siku ile. Zaidi ya hapo walikuwa na mtu aliyecheza na chatu mkubwa shingoni, na chatu mwenyewe alionekana kufurahia. Uwanja wote ulikuwa kwao. Upande wetu tulikuwa na wake za wachezaji, mbwa, na mzee mmoja aliyelala chini ya kofia yake.

Nguo zangu nyekundu zilipendeza. Lakini nguo haiiti watu. Vijana walirusha hewani majembe yao ya kuchezea, wakayadaka, wakayazungusha, na kila walipogeuka niliona macho yao yanakwenda kule kwa chatu. Mjomba aliimba hadi mishipa ya shingo ikasimama. Jua lilianza kuinama.

Sadiki alikuwa ameegesha pikapu upande wetu kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Alikuwa amefunga kile kitambaa cheupe kati ya miti miwili, upande wa magharibi, kuikinga mizani na jua la jioni. Hakuna aliyekuja kuuza hata debe. Akanijia.

"Dada Kabula, nipe ile kanda. Nimechoka kutangazia mbwa."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilitazama pembeni, na nilipogeuka alikuwa ameshaichomeka.

Pipa likaburutwa kwenye honi. Mbwa wakaondoka. Kunguru wakaondoka. Na yule mzee aliyelala akafunua kofia, akatazama gari, akatazama honi juu ya gari, akatazama kitambaa cheupe, akasimama wima kama kijana.

"Sinema!" akapiga kelele. "Jamani, sinema imerudi!"

Lazima niwaeleze. Zamani, miaka ya vijiji, lilikuwa linakuja gari la serikali na honi juu yake. Wanatundika shuka nyeupe, wanaanza na muziki ili watu wakusanyike, halafu ndiyo picha: jinsi ya kupanda pamba kwa mstari, jinsi ya kuchimba choo. Halijaonekana miaka na miaka. Sasa mzee huyu akakunja koti lake, akaliweka chini, akakaa mbele ya kitambaa cha Sadiki kama mtu aliyeshika nafasi yake ya siku zote.

Wazee wenzake waliokuwa kwa Shigela wakamwona. Wakaja mbio, fimbo mkononi. Watoto wakaja kwa sababu wazee wanakimbia. Kina mama wakaja kuwafuata watoto. Vijana wakasema, "Sinema gani ya mchana?" huku nao wanatafuta pa kukaa. Kufumba na kufumbua upande wetu ulijaa, na watu wote wamekaa chini kwa adabu, wamekiangalia kitambaa, na wamewapa wachezaji wetu mgongo.

Mjomba aliacha kuimba. "Wamekuja kwetu," akasema, "au wametukimbia?"

"Vyote viwili, manju," akajibu Doto.

Mjomba alikitazama kile kitambaa kilivyowaka kwa jua lililokuwa nyuma yake. Halafu akawapungia vijana, akawazungusha, akawapeleka upande wa pili, kati ya kitambaa na jua. Wakainua majembe. Ndugu zangu, laiti mngekuwepo. Wakatokea kwenye kitambaa weusi, warefu kama minara, vichwa havina nyuso, majembe kama mabawa. Doto alipunguza mwendo wa ngoma hadi ukalingana na pipa. Hakuna mtoto aliyelia. Hakuna aliyekohoa. Chuma kikakwaruza chuma, vivuli vikainama vyote pamoja, kikaja kimya.

"SATO WA MOTOOO!" ikasema honi.

Mama Kulwa, watu walisimama kukutafuta. Kuna mama alikuwa ameshafungua fundo la kanga. Halafu kicheko kikaanza mbele, kikaenda hadi nyuma, na kikundi chetu nacho kikaangua kicheko nyuma ya kitambaa, vivuli vikitikisika mabega.

Hapo ndipo alipokuja Mzee Shigela, peke yake, anatembea taratibu na usinga wake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mayu. Kanda hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Naomba unijibu wewe. Watu hawa wamefuata ngoma au wamefuata sinema?"

Wazee wa uwanja walikuwa wamesogea. Mjomba alikuwa ametokeza kichwa pembeni ya kitambaa na ananitazama. Nilimwona kama alivyokuwa siku aliyonichukua kwetu, amenibeba mimi na sufuria la mama. Ningeweza kusema ngoma. Nilikuwa na neno hilo mdomoni kabisa.

"Wamefuata sinema, mzee," nikasema.

"Basi izime. Tuone watakaobaki."

"Usizime, we dada vipi!" Sadiki alininong'oneza kwa nguvu hadi watu wa mbele wakasikia. Niliinama dirishani mwa gari, nikabonyeza.

Sijui kama nilifanya sawa. Hadi leo nalala na hilo. Kimya kiliingia uwanjani, na kutoka ng'ambo ngoma za Shigela zikasikika tena, nzuri, za haraka. Mzee wa kwanza akaanza kukung'uta koti. Wengine wakainuka. Nyuma ya kitambaa niliona kivuli cha kijana mmoja kimeinama, kinafungua njuga mguuni. Halafu cha pili.

Ndipo pipa likaburutwa.

Nilitazama redio. Imezima. Ilikuwa ngoma kubwa ya Doto. Alikuwa haipigi, anaisugua kwa kiganja, mzunguko baada ya mzunguko, hadi ikaguna kutoka chini ya ardhi. Watu wakasimama walivyo, nusu wameinuka. Kivuli cha mjomba kikanyanyua jembe, kikalipitisha polepole juu ya jembe la mwenzake. Chuma juu ya chuma. Yule kijana wa njuga akaacha kufungua. Vivuli vikainama.

Kikaja kimya. Kimya chenyewe hasa, kile cha kwenye kanda. Na uwanja mzima, watu ambao hawajawahi kufika Nansio, ukajua kuna kitu kinadaiwa hapo. Yule mzee wa sinema akavuta pumzi, akaweka mkono mdomoni, akaita kwa sauti nyembamba ya kike:

"Sato wa motooo!"

Walicheka hadi wakakaa. Walikaa wote. Ngoma ilianza tena kutoka mwanzo, na mara ya pili walikuwa wanaita pamoja, na mara ya tatu watu wa ng'ambo walikuja kuona ni samaki gani huyo. Hata mwenye chatu alikuja na chatu wake, akakaa nyuma, na wenzake wakamwachia nafasi ya kutosha. Jua lilipogusa majani wazee hawakuhitaji kutazama mara mbili.

Mzee Shigela alimpa mjomba mkono mbele ya watu. Vijana walikunja nguo zao nyekundu vizuri na kuzipeleka kwa mjomba zikatunzwe hadi mavuno mengine. Mjomba hakunishukuru kwa kanda na hakunilaumu kwa kuizima. Usiku alinikatia mwenyewe kipande cha maini, akaniwekea kwenye sahani. Nadhani ndilo jibu.

Kurudi

Kurudi hakukuwa na mambo. Tairi la basi lilikuwa zima, meli iliondoka kwa wakati, na sikuwasha redio mahali popote. Kanda niliiacha kwa Sadiki, ambaye anasema sasa hata akisikia bearing ya kweli hatasimama.

Evarist ameniambia atairudia ile filamu wiki ijayo, na kwamba nimepewa kiti cha mbele. Asante, ndugu yangu. Mimi nitakuwa ukutani, mahali pangu. Naomba tu mtakaokuwa barazani msikohoe, maana nahitaji kanda nyingine.

Limebaki moja, Mama Kulwa. Nilipokuwa napanda gari, mjomba aliniagiza kwamba mavuno yajayo wanakuhitaji uje mwenyewe na beseni, utakaa mbele na utakula na wazee. Kabla gari halijaondoka akaja pia Mzee Shigela dirishani, akauliza yule mama wa samaki ni wa upande gani, na kama bado hana upande, basi yeye anamkaribisha kwake, na chatu atafungwa. Mimi ni mtu wa haki, na nimefikisha maneno ya wote wawili kwa uzito ule ule. Chagua unavyopenda. Ila ukienda kwa Shigela, gauni lako la Krismasi utalishona kwa mkono.